Mvinyo Mtamu Si Mvinyo Mwepesi

Hotuba kwa wanafunzi wa huduma za vyakula na vinywaji wanaomaliza mafunzo, Dodoma

Mgeni rasmi, wakufunzi, wazazi mliofika, na ninyi vijana mnaomaliza mafunzo: itifaki imezingatiwa. Nimepewa nusu saa niseme juu ya mvinyo, na nimeona kwenye ratiba kwamba baada yangu kinafuata chakula. Nikizidisha dakika mtanichukia, tena kwa haki.

Sitawaambia mvinyo upi uende na samaki na upi uende na nyama choma. Hayo mmefundishwa, na mgeni akitaka mwekundu na sangara ni pesa yake. Nataka kusema juu ya namba ndogo iliyo pembeni mwa lebo, aghalabu kwa maandishi ya kuumiza macho: asilimia 8, asilimia 12.5, asilimia 14, asilimia 20. Hicho ndicho kiwango cha kilevi. Chupa iliyoandikwa 13 maana yake ni kwamba katika kila mililita 100 mna mililita 13 za alkoholi tupu. Mhudumu asiyeitazama namba hiyo anammiminia mgeni kitu asichokijua.

Najua wamo humu ambao hawanywi na hawatakunywa, Waislamu na walokole. Sikuja kumshawishi mtu. Mfamasia si lazima aumwe ndipo auze dawa, na nitawaambia wazi kwamba wahudumu wasiokunywa mara nyingi wanaisoma lebo vizuri kuliko sisi, maana hawana ulimi wa kuutegemea.

Ulimi ndio unaotuponza. Kwenye kumbi zetu za sendofu na harusi kuna imani kwamba mvinyo mtamu ni kinywaji cha kina mama, ni kama juisi iliyochangamka, na anayetaka kulewa aende kwenye ule unaokunja uso. Basi chukua chupa mbili nyekundu, zote tamu. Ya kwanza ni ule mvinyo wa Afrika Kusini unaouzwa sana kwenye boksi na chupa, utamu wake wa asili: lebo itasoma asilimia 7.5 au 8 na kidogo. Ya pili ni mvinyo mtamu ulioongezewa spiriti, yaani pombe kali iliyokenekwa, kiwandani: lebo itasoma 16, 18, hata 20. Mezani zote ni nyekundu, zote zinateleza, shangazi anasema zote tamu. Glasi ya mililita 150 ya kwanza ina mililita 12 za alkoholi. Glasi hiyohiyo ya pili, kwa asilimia 18, ina mililita 27. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo shangazi aliyekunywa glasi tatu za chupa ya pili amekunywa bia tatu na zaidi, na yeye anahesabu kwamba hajagusa pombe ya maana.

Utamu na kilevi vinahusianaje? Aliyekulia pwani au Iringa analijua jibu tayari. Tembo la mnazi likigemwa alfajiri ni tamu, la jioni linachoma. Ulanzi nao hivyohivyo: mtogwa wanapewa hata wageni wasio wanywaji, mkangafu unaangusha wazee. Hakuna aliyeongeza kitu katikati ya asubuhi na jioni. Hamira imekula sukari ikatoa alkoholi na gesi. Utamu umepungua kwa sababu ndio uliogeuka kilevi. Kwenye mvinyo kanuni ni hiyohiyo, ila kwa zabibu tuna vipimo: kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya mchuzi wa zabibu, zikiliwa zote, huzaa asilimia moja ya alkoholi. Mchuzi wenye gramu 220 utafika karibu asilimia 13.

Hapa Dodoma mnaweza kuliona hili kwa macho, bila darasa. Nendeni Makutupora, Hombolo au Mpunguzi msimu wa mavuno, mwombeni mkulima mwenye kipimo cha sukari. Unachuma punje kutoka vichala mbalimbali, cha juani na cha kivulini, cha juu na cha chini, maana kichala kimoja hudanganya. Unakamua matone mawili juu ya kioo cha kipimo, unafunika, unakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia kama darubini. Ndani utaona rangi ya buluu juu na weupe chini, na pale zinapokutana ndipo penye namba, tunaiita Briksi. Ikisoma 22, mwenye kiwanda anajua mvinyo mkavu, yaani usiobaki na utamu, utakaotoka hapo utacheza kwenye 12.5 hadi 13. Ikisoma 16, atapata kitu cha asilimia 9, chembamba, na sura yake itaonyesha hajafurahi. Ndiyo maana mkulima anayevuna mapema kwa kuogopa mvua na kuoza kwa vichala anapoteza si utamu tu bali na kilevi. Wilaya zetu huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Ulaya hulisikia wakashangaa, na kila mavuno huja na sukari yake.

Sasa tembeeni nami kidogo duniani, mradi tu tushuke kwenye namba.

Kaskazini mwa Italia, Asti, kuna mvinyo mweupe wa mapovu madogo uitwao Moscato d'Asti. Mtengenezaji anauacha uchachuke mpaka kama asilimia 5, kisha anaupooza kwa baridi kali na kuuchuja ili hamira isiendelee. Sukari iliyobaki ni nyingi, mara nyingi kuzidi gramu 100 kwa lita, sawa na soda. Huo kweli ni mtamu na ni mwepesi. Ujerumani, kwenye miteremko ya mto Mosel, zabibu ya Riesling huiva kwa shida kwa sababu ya baridi. Aina yake iitwayo Kabinett mara nyingi ni asilimia 8 au 9, yenye utamu kidogo na uchachu wa kuamsha mate. Champagne ya Ufaransa huzunguka 12. Mvinyo mweupe wa Chenin Blanc, unaolimwa hapa kwetu na Afrika Kusini, 12 hadi 13.5. Wekundu wa Syrah kutoka kwenye jua kali, 14 na nusu si ajabu.

Bordeaux, eneo la mvinyo la Ufaransa, inastahili tusimame kidogo. Chupa za miaka ya 1980 zilikuwa 12 au 12.5. Leo ukipewa ya 14 usishtuke. Hali ya hewa imepata joto, zabibu zinaiva na sukari nyingi zaidi, na wanunuzi nao walipenda mvinyo mzito, wakulima wakaacha vichala vining'inie zaidi mtini. Wafaransa haohao ndio walioshindana na tatizo la kinyume zamani: sukari haitoshi. Mkemia Jean-Antoine Chaptal, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Napoleon, ndiye aliyeipa nguvu ya kisayansi desturi ya kumwaga sukari kwenye mchuzi kabla haujachachuka, na jina lake limebaki kwenye desturi hiyo. Angalieni: sukari hiyo haiongezwi ili mvinyo uwe mtamu. Inaliwa yote, inakuwa kilevi, na mvinyo unatoka mkavu vilevile. Mtu anaweza kunywa sukari ya Chaptal maisha yake yote asiionje hata chembe. Mgema wetu tunamsema kwa kutia maji akisifiwa. Wenzake wa Ulaya walitia sukari.

Kisha kuna Amarone, mvinyo mwekundu kutoka Valpolicella, kaskazini mwa Italia. Zabibu hukatwa, zikatandazwa kwenye dari zenye hewa kwa miezi mitatu hivi na zaidi, zikasinyaa na kupoteza theluthi ya uzito wake au zaidi. Maji yameondoka, sukari imebaki. Mvinyo wake ni 15, 16, na karibu hauna utamu. Hapo ndipo pia hamira inapofikia ukingo: hamira nyingi za mvinyo hulegea na kufa alkoholi inapofika 15 au 16, zimeuawa na mazao ya kazi yao wenyewe. Kwa hiyo mkiona lebo ya 18 au 20, jueni mkono wa mtu umeingia. Hamira pekee kwa kawaida haifiki huko.

Mkono huo umeingiaje? Tazameni port, ya bonde la mto Douro nchini Ureno. Zabibu zinasagwa, mchuzi unaanza kuchemka kwa gesi, na baada ya siku mbili tatu tu, sukari ikiwa imeliwa nusu, mtengenezaji anamwaga spiriti ya zabibu yenye asilimia 77. Vipimo vya kizamani ni kama lita 115 za spiriti kwa lita 435 za mvinyo unaochachuka. Pigeni hesabu: mle ndani ya lita 115 mna lita 88 na nusu za alkoholi, zile 435, zikiwa zimefika asilimia 6, zina lita 26. Jumla kama 115 katika lita 550, yaani karibu asilimia 21. Hamira inakufa papo hapo, na sukari ambayo haijaliwa inabaki pale milele. Huu ndio mvinyo wenye utamu mwingi na kilevi kingi kwa wakati mmoja, na sababu ni moja: kilevi chake hakikutoka chote kwenye sukari yake.

Sherry ya Jerez, Hispania, ni kinyume chake. Inachachuka mpaka ikauke kabisa, spiriti inakuja baadaye. Ile iitwayo fino huongezwa mpaka 15 hivi, na juu yake huota utando mweupe wa hamira unaoulinda mvinyo usikutane na hewa. Ile iitwayo oloroso husukumwa mpaka 17 makusudi, kwa sababu hapo utando hauwezi kuishi, mvinyo unakutana na hewa na kuwa wa kahawia wenye harufu ya karanga. Asilimia mbili tu, na mmepata vinywaji viwili visivyofanana hata rangi. Nasema hivi kwa wale wanaodhani tofauti ya 15 na 17 ni ya kupuuza.

Divai ya altare nayo mara nyingi ni ya kundi hili la mvinyo ulioongezewa spiriti. Mizabibu ya Dodoma tuliletewa na wamisionari Wakatoliki, na misheni ya Bihawana ni jina msilolisahau katika habari hiyo. Sheria ya Kanisa inadai divai itokane na tunda la mzabibu na isiwe imeharibika. Parokia ya mbali isiyo na jokofu inahitaji divai inayokaa, na inayokaa ni ile yenye kilevi cha kutosha kuzuia bakteria, ndiyo maana Roma iliruhusu kuiongezea spiriti ya zabibu kwa kiasi. Padre anakunywa kidogo, haina neno. Lakini chupa ya namna hiyo ikihamia kwenye glasi kubwa ya ukumbini, hesabu inabadilika.

Na glasi ndiyo nusu ya hesabu. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 13 ina karibu mililita 98 za alkoholi, ni sawa na bia nne za nusu lita. Chupa ya port ya asilimia 20 ni bia sita. Mkimimina mililita 150, chupa inatoa glasi tano. Baa nyingi mtakakoajiriwa hazina kipimo cha mvinyo. Wana kipimo cha toti kwa pombe kali, halafu mvinyo unamiminwa kwa jicho kwenye bilauri ya maji. Bilauri ya mililita 300 ya mvinyo wa 14 ina mililita 42. Hiyo si glasi moja, hata kama bili imeandika moja. Port na wenzake mpeni mgeni mililita 60 au 75, kwenye glasi ndogo. Akilalamika kwamba ni kidogo, mwonyesheni lebo, msibishane naye.

Mtakutana pia na mgeni mjuaji atakayezungusha glasi, akatazama michirizi inayoteremka ukutani, akatangaza kwamba huu mkali. Kuna ukweli kidogo hapo. Alkoholi inaruka hewani haraka kuliko maji, utando mwembamba ulio kwenye kioo unabaki na maji mengi, unavuta mvinyo kutoka chini, unakusanyika na kudondoka. Mwanasayansi James Thomson alilieleza jambo hilo mwaka 1855. Funikeni glasi kwa kiganja, michirizi inakoma. Lakini usafi wa glasi na joto la chumba vinabadilisha michirizi, kwa hiyo mwacheni mjuaji afurahi, ninyi someni namba.

Hata namba yenyewe ina nafasi ya kuteleza. Ulaya inaruhusu lebo ya mvinyo wa kawaida ipishane na ukweli kwa nusu asilimia. Marekani ni wakarimu zaidi: asilimia moja na nusu kwa mvinyo usiozidi 14, na moja kamili kwa ulio juu ya hapo. Chupa ya Kimarekani iliyoandikwa 12.5 inaweza kuwa karibu na 14 na hakuna aliyevunja sheria. Na mtengenezaji akipewa nafasi ya kuchagua, jiulizeni ataelemea upande gani.

Kwa mtakaokuja kuwa mameneja, namba hii inaingia hata kwenye bei. Uingereza tangu Agosti 2023 inatoza ushuru wa pombe kwa kufuata nguvu yake. Jirani zetu Kenya, mwishoni mwa 2024, waliacha kutoza mvinyo kwa lita wakaanza kutoza shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya alkoholi tupu. Chupa ya asilimia 13 ina sentilita 9.75, ushuru wake ni kama shilingi 219 za Kenya. Ya asilimia 20 ni shilingi 337.50. Nitashangaa kama ushuru huo hautaongeza mvinyo mwepesi kwenye rafu za Nairobi.

Afya nitaipitia haraka kwa sababu mnaijua. Shirika la Afya Duniani lilisema Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama, na mvinyo mwekundu haukuachwa nje, pamoja na sifa zake zote za moyo tulizozisikia. Mjamzito akiuliza ipi nyepesi, jibu ni juisi.

Nawaachia nafasi ya maswali.

*

Swali la kwanza liliulizwa na binti aliyekaa safu ya nyuma: mgeni Mwislamu akiuliza kama sosi iliyopikwa kwa mvinyo bado ina pombe, amjibu nini, maana mpishi wao husema inaruka yote.

Nilimjibu kwamba mpishi wake hajapima. Vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha kwamba chakula kilichochemshwa na pombe kwa robo saa kinabaki na kama asilimia 40 ya alkoholi iliyotiwa, baada ya saa moja asilimia 25, na hata baada ya saa mbili na nusu inabaki kama 5. Sosi ya robo saa bado ina kilevi, mwambie hivyo kabla hajaagiza. Vivyo hivyo kwa mvinyo ulioondolewa kilevi: nchi nyingi huruhusu uitwe hivyo ukiwa na hadi nusu asilimia. Kwa wengine hilo halina shida, kwa wengine ni haramu kabisa, na uamuzi ni wa mgeni. Kazi yako ni kumpa namba.

Kijana mwingine alitaka kujua kama chupa iliyofunguliwa jana huzidi ukali, kwa sababu ndivyo inavyoonjeka. Hapana. Hakuna sukari inayogeuka kilevi ndani ya mvinyo mkavu uliokwisha kuchachuka. Kinachotokea ni bakteria na hewa kuanza kuigeuza alkoholi kuwa siki, kwa hiyo kilevi kikibadilika kinashuka. Huo ukali ni uchachu. Mvinyo wa kawaida, ukiuziba na kuuweka kwenye friji, una siku tatu hadi tano. Fino kama wiki. Port hukaa wiki kadhaa kwa sababu ya ile asilimia 20. Andika tarehe kwenye karatasi, ibandike shingoni mwa chupa siku unayoifungua. Ikipita siku ya tano mpelekee mpishi, yule anayesema inaruka yote.